Jinsi ya kuandaa utafiti wa meseji na simu za kubonyeza namba, kuanzia kuandikisha washiriki mpaka kufunga laini

Watu wengi wakipewa kazi ya kukusanya data kwa simu swali la kwanza wanalouliza ni "nitumie programu gani?" Hilo ni la baadaye kabisa. Mshiriki wako kule Handeni haioni programu wala seva, yeye anaona kuna mtu kamtumia meseji, na atakujibu au atakupotezea kama anavyomfanyia mtu yeyote wa namba ngeni. Ukiliweka hilo kichwani utaona kwa nini hapa chini nakaa sana kwenye vitu ambavyo mafundi wa kompyuta huwa wanavipita haraka.

Nitatumia mfano mmoja ili tusichanganyane: utafiti wa kufuatilia akina mama wenye watoto wachanga, kila wiki maswali machache (mtoto ameharisha? amepata homa? amepelekwa kituoni?), kwa wiki 12. Kama wako ni wa wakulima au wenye maduka, badilisha maswali tu, mengine ni yale yale.

1. Amua njia kabla ya kununua chochote

Una njia tatu. Meseji, simu ya mashine (ile sauti iliyorekodiwa inayosema "bonyeza moja"), na mtu kumpigia mtu. Meseji ni rahisi kuanzisha na mshiriki anajibu akipata nafasi, ila inataka mtu anayesoma bila shida na mwenye siri na simu yake. Simu ya mashine inamfikia asiyejua kusoma, unaweza kurekodi hata kwa Kisukuma au Kimaasai, ila inamkuta popote alipo, akiwa jikoni au kwenye daladala, na akikata amekata. Mtu kumpigia mtu ndio ghali kuliko zote na ndio inayoleta data nzuri kuliko zote, hapo sibishani na mtu. Shirika la Twaweza walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu hapa Tanzania, walianza kwa kwenda nyumba kwa nyumba mwaka 2012, kaya 2,000, wakagawa simu na chaja za sola, ndipo baadaye watu wa kituo cha simu wakawa wanawapigia. Angalia mpangilio wake: wameonana kwanza, simu imefuata.

USSD, zile za nyota na reli, nazo zipo, ila menyu inakatika mtu akichelewa kidogo tu, kwa hiyo mimi siipendi kwa maswali ya kufikiri.

Mpango ninaoupendekeza kwa bajeti ya kawaida: meseji kwa wanaosoma, simu ya mashine kwa wasiosoma, na mpigaji mmoja au wawili wa kuwafuata walionyamaza. Hii ya kuwafuata walionyamaza sio ubunifu wangu. Kenya kuna utafiti maarufu wa WelTel wa watu wanaotumia ARV, washiriki 538, matokeo yalitoka 2010. Muuguzi alikuwa anatuma neno moja tu kila wiki, "Mambo?", na mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu Shida alipigiwa, na aliyenyamaza alipigiwa pia. Waliotumiwa meseji walimeza dawa vizuri zaidi na virusi vyao vilishuka zaidi kuliko wenzao. Sasa hebu jiulize, meseji ya neno moja imefanya kazi kwa sababu ya teknolojia gani hapo? Watu walijua nyuma ya ile "Mambo?" kuna muuguzi wanayemfahamu.

2. Vibali

Usiruke. Tanzania bara utafiti wa afya unapita NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) nao wana kibali chao hasa kama kuna mtafiti mgeni, Zanzibar kwa afya ni ZAHRI (taasisi yao ya utafiti wa afya), Kenya ni NACOSTI (tume yao ya sayansi na teknolojia) pamoja na kamati ya maadili. Halafu kuna sheria ya data: Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi 1 Mei 2023, na taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa iwe imesajiliwa kwenye Tume yake. Kenya wana ya kwao ya 2019. Namba ya simu ni taarifa binafsi, na seva ya kampuni unayotaka kuitumia inawezekana iko nje ya nchi, kwa hiyo andika kwenye maombi yako data itakaa wapi, nani ataiona na itafutwa lini. Ambatanisha na maneno yote ya meseji na sauti, kamati itayataka.

3. Namba ya kutumia

Hapa ndio wengi wanapigwa chenga. Kampuni ya meseji inakwambia "tutakupa jina lako litokee juu badala ya namba", unafurahi, unatuma, hakuna anayejibu. Jina haliwezi kujibiwa jamani, linatuma tu. Ukitaka watu wajibu unahitaji namba fupi au laini ya kawaida yenye tarakimu zote. Namba fupi inaombwa kwa kila mtandao na inachukua muda, wiki nyingi wakati mwingine, kwa hiyo anza mapema, na hakikisha kujibu ni bure kwa mshiriki, wewe ndio ulipie. Mshiriki asiye na salio hakuchangii hata shilingi, na wala hapaswi.

Kwa programu: Africa's Talking ya Nairobi wana meseji, USSD, sauti na vocha kama una mtu wa kuandika programu za kompyuta. Kama hakuna, TextIt, iliyotengenezwa na Nyaruka wa Kigali, unachora mtiririko wa maswali kwa kipanya tu, na RapidPro ya UNICEF ni ndugu yake wa damu, huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuitumia. Telerivet inakuruhusu utumie simu ya Android yenye laini yako kama mtambo, inafaa kwa majaribio au watu wachache. Kwa watu mia nne usitegemee hiyo, Android yenyewe ina kikomo cha meseji kwa muda, na mtandao unaweza kuifunga laini ukidhani wewe ni tapeli.

4. Kuandikisha washiriki

Kama una hela ya kitu kimoja tu, itie hapa.

Tanzania kila mtu kashapokea ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Ndio maana namba ngeni ikiuliza habari za mtoto, mama mwenye akili timamu anafuta. Kwa hiyo muandikishe uso kwa uso, kliniki au nyumbani, na kabla hujaondoka fanya mambo haya pale pale mbele yake. Mtumie meseji ya majaribio kwenye simu yake na ajibu ukiona. Mpigie kwa ile namba ya mashine aisikie sauti yenyewe. Isevu namba kwenye simu yake kwa jina lisilotaja ugonjwa, "Utafiti Mtoto" inatosha, usiandike jina la kliniki ya huduma nyeti. Mwambie wazi kwamba hatutakuomba hela, hatutakuomba namba ya siri, ukiombwa ujue sio sisi.

Kwenye fomu uliza haya:

- Simu ni ya kwako au mnatumia na mtu mwingine? Nani mwingine anasoma meseji zako?
- Laini ngapi, na ipi inakuwa hewani muda wote? (Watu wana laini mbili tatu, moja ya bando, nyingine ya kupokea hela, na usikisie mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo maana toka 2017 mtu anahama mtandao na namba yake.)
- Jina gani linatokea ukitumiwa pesa? Laini nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume au kaka, utalihitaji baadaye.
- Namba ya mtu wa karibu tukikukosa, na yeye anajua unashiriki?
- Unasoma meseji mwenyewe au unasomewa? Usiulize "unajua kusoma", utadanganywa kwa aibu. Mpe simu asome ile ya majaribio kwa sauti.
- Saa ngapi unakuwa na nafasi?

Hilo la mwisho litakuletea ile shida yetu ya saa. Akisema saa mbili, andika asubuhi au usiku, kisha kwenye mfumo ubadilishe. Na seva nyingi zinakwenda kwa saa ya dunia ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ukiweka 17:00 bila kuangalia ukanda wa saa, meseji zitatoka saa mbili usiku. Bado inavumilika. Ukiweka 22:00 umemuamsha mtu saa saba usiku.

Namba zenyewe zihifadhi kwa mtindo wa 255 na tarakimu tisa. Ukizifungua kwenye Excel bila kuiambia kwamba hii safu ni maandishi, itakula sifuri ya mbele ya 07 au itakugeuzia namba nzima kuwa 2.55E+11, na ukisevu hapo imekula kwako.

5. Kuandika meseji

Meseji moja ni herufi 160, na nafasi zinahesabiwa. Mfano:

"Habari mama. Hapa ni utafiti wa Afya ya Mtoto. Wiki hii mtoto ameharisha? Jibu 1 kama ndiyo, 2 kama hapana. Kujibu ni bure."

Hiyo ni herufi 123, inaingia kwenye meseji moja bila wasiwasi. Ila sasa ukiweka alama moja tu ambayo haipo kwenye alfabeti ya simu, emoji kwa mfano, meseji nzima inabadilishwa mfumo na kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70, hiyo hiyo ya herufi 123 inakatwa vipande viwili na unalipia viwili. Kiswahili chetu hakina shida na herufi, shida ni kile kikoma cha ng'. Ukiandika ng'ombe au ng'oa kwenye Word inakugeuzia kikoma kilichonyooka kuwa kile kilichopinda, unakopi unabandika kwenye mfumo, na bili inapanda mara mbili bila mtu kuelewa kwa nini. Andika meseji kwenye Notepad, au tafuta hicho kikoma na kukibadilisha kabla ya kupakia. Watu wa utafiti wa mifugo hili liandikeni ukutani.

Piga hesabu yake: mama 400, meseji 6 kwa wiki (salamu, maswali manne, shukrani), wiki 12, ni meseji 28,800. Zikikatika vipande viwili ni 57,600. Hapo hujaweka majibu yao, na majibu nayo unalipia wewe.

Maswali yenyewe: jambo moja kwa meseji moja, "ana homa au anaharisha" ni maswali mawili hayo. Usiulize kwa kukanusha. Ukiuliza "Mtoto hajaharisha wiki hii?" mmoja atajibu ndiyo akimaanisha ndiyo hajaharisha, mwingine ndiyo akimaanisha kaharisha, na hutajua nani ni nani. Ukiuliza muda, mpe machaguo (1 asubuhi, 2 mchana, 3 jioni, 4 usiku), maana jibu la "4" kwa swali la alilala saa ngapi linaweza kuwa saa nne usiku au mtu kafuata saa ya kwenye kioo cha simu. Na kama mada ni nyeti, VVU, uzazi wa mpango, ukatili, neno lenyewe lisionekane kwenye meseji hata mara moja, simu inasomwa na mume, na watoto wanachezea.

Weka neno la kujitoa na ulitaje toka mwanzo: "Kujitoa jibu ACHA". Akijibu acha, iwe imeisha kweli, mashine isimtumie tena hata "asante kwa kushiriki" zaidi ya moja.

6. Simu ya mashine

Tafuta mtu mwenye sauti ya kawaida ya eneo lile, sio mtangazaji. Rekodi chumba kisicho na mwangwi, halafu faili libadilishe kuwa WAV, mono, 8 kHz, ndio mtandao wa simu unavyobeba sauti, na lisikilize kupitia simu yenyewe. Kwenye spika za laptopu kila kitu kinasikika vizuri.

Anza na salamu na uache kimya kidogo baada yake. Watu wanajibu. Utasikia kwenye majaribio mama anaiambia mashine "salama, shikamoo", na kama sauti imeshakimbia kwenye swali la kwanza, kalikosa. Hapo hapo mwanzoni mashine iseme hii ni sauti iliyorekodiwa, hutaweza kuongea nayo, utajibu kwa kubonyeza.

Taja jibu kwanza ndipo namba. "Kama ameharisha, bonyeza moja. Kama hajaharisha, bonyeza mbili." Ukianza na "bonyeza moja kama..." akifika mwisho wa sentensi kashaisahau namba. Mpe sekunde tano mpaka nane za kubonyeza, kwa sababu mwenye kitochi anaitoa simu sikioni, anatafuta kitufe, anairudisha, na mwenye simu ya tachi kioo kimezima, lazima akiwashe na afungue zile namba. Asipobonyeza rudia swali mara moja, sio tano. Na wengi wataweka spika ili wabonyeze huku wanasikia, maana yake nyumba nzima inasikia maswali yako, rudi kwenye lile la mada nyeti.

Swali la kwanza kabisa liwe la kujua nani kashika simu: "Kama wewe ndiye mama uliyejiandikisha, bonyeza moja. Kama siye, bonyeza mbili, tutapiga baadaye." Dakika tano kwa simu nzima inatosha, zaidi ya hapo wanakata.

Kitu kizuri cha kuongeza ni kubipu. Mshiriki anaibipu namba yako, mfumo unakata na kumpigia yeye. Hatumii salio, na anajibu kwa muda wake. Watu wetu wanajua kubipu toka zamani, hakuna mafunzo yanayohitajika.

7. Ratiba

Siku moja ile ile kila wiki, saa ile ile. Kwenye Ramadhani achana na saa za futari, Ijumaa mchana acha, Jumapili asubuhi acha, siku ya gulio jua simu zitakuwa kelele tupu. Asiyejibu mkumbushe mara moja kesho yake, kisha simu, kisha mpigaji. Simu mbili za muda tofauti wa siku zina faida kuliko nne zilizofuatana asubuhi moja, hizo nne ni usumbufu.

8. Majibu yatakayokuja

Umesema jibu 1 au 2. Utapata: 1, "1.", moja, ndio, ndiyo, ndyo, NDIO MAMA, sawa, apana, hpn, hapana kwa kweli, na "kaharisha juzi ila sasa afadhali". Ufundishe mfumo zile tahajia zote za kawaida, zinazobaki ziende kwa mtu azisome, na usiruhusu mashine irudishe "Jibu si sahihi". Kamjibu mtu habari za mwanae halafu unamwambia si sahihi? Weka "Asante, tafadhali jibu kwa namba 1 au 2".

Na kuna meseji nyingine zitakuja, hizi ndio nzito. "Mtoto anapumua kwa shida toka jana nifanyeje." Kwa yule mama namba yako ni mtu, na ni mtu wa hospitali. Kwa hiyo kabla hujatuma meseji ya kwanza uwe na jina la muuguzi au daktari aliyekubali kupokea hizo, zamu yake imeandikwa, Jumamosi na sikukuu zikiwemo, na mfumo unaokamata maneno kama damu, hapumui, degedege, amezimia, na kumpelekea kwenye simu yake muda huo huo. Kamati ya maadili ikikuuliza kitu kimoja tu itakuwa hiki. Huna mtu wa hiyo zamu? Basi usiache namba wazi ya kujibiwa, tumia wapigaji.

9. Asante ya mshiriki

Vocha au pesa ya simu. Vocha ni rahisi kutuma kwa wengi ila ina mtego: mshiriki mwenye deni la salio, Nipige Tafu kwa Vodacom, Okoa Jahazi kwa wenzetu wa Safaricom, mtandao unakata deni lake kwanza. Wewe una risiti kwamba umetuma, yeye anaona salio halijabadilika, na anakuona mwongo. Mweleze siku ya kuandikisha, au tuma pesa ya simu na yale makato ya kutolea uyaongezee juu. Hapo ndipo lile jina la kwenye fomu linapokuja kusaidia, ukiona jina linalotokea sio lile, simama kwanza. Tuma ndani ya siku moja baada ya kujibu, na iwe ndogo kiasi kwamba hakuna mtu wa nyumbani atakayejibu kwa niaba ili aipate.

10. Majaribio

Kila mtandao, kila aina ya simu, kitochi lazima kiwepo mezani. Watu wasiohusika na mradi. Jibu vibaya makusudi, kata katikati, jibu saa sita usiku, jibu ACHA halafu uone kama inaacha. Kenya angalia pia waliojifungia meseji za matangazo, kama akaunti yako imesajiliwa kama ya matangazo hawatakupata kabisa na utadhani wamegoma.

11. Ikishaanza

Kila asubuhi mtu mmoja aangalie orodha, sio mwisho wa mwezi. Na kila jaribio liandikwe lilivyoishia: meseji haikufika, imefika hajajibu, simu imezimwa, imeita haikupokelewa, amekata swali la pili, kapokea mtu mwingine. Usizitupe zote kwenye "hakujibu". Simu iliyozimwa wiki tatu mfululizo huenda laini imepotea, tumia namba ya mtu wa karibu, na akipatikana mtu mgeni kwenye laini hiyo ifute mara moja kwa sababu laini zisizotumika zinauzwa upya. Aliyepokea na kukata kila wiki huyo kashakujibu, mpigie mara moja kwa ustaarabu umuulize kama anataka kuendelea.

Faili la namba za simu na faili la majibu yakae mbali mbali, yaunganishwe na namba ya utambulisho ya mshiriki tu. Mchambuzi wa takwimu hana sababu ya kuwa na namba ya mama yeyote.

12. Kufunga

Wiki ya mwisho waambie mapema kwamba ni ya mwisho, na waambie wakiwa na shida ya mtoto waende wapi. Halafu endelea kulipia namba fupi na zamu ya muuguzi mwezi mmoja mbele, iweke kwenye bajeti toka mwanzo, kwa sababu meseji zitaendelea kuingia. Mwezi ukiisha weka jibu la kujiendesha lenye namba ya kituo cha afya cha eneo hilo, kisha futa orodha ya simu kwa tarehe uliyoiandika kwenye kibali.